Kitumbua Kimeingia Theluji

Edmonton, Canada. 31 Januari hadi 2 Februari 2020

IJUMAA

Mhadhiri wetu wa takwimu ana tabia moja: habari mbaya huiweka mlangoni. Ameshafunga kompyuta, ameshavaa koti, mkono uko kwenye kitasa, ndipo anageuka na kusema asaimenti ya tatu iko tayari mtandaoni. Maswali manne. Mwisho wa kukusanya ni Jumapili, saa sita kasoro dakika moja usiku. Darasa likaguna. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: kesho nimealikwa chakula kwa Yaya, kesho hiyohiyo kuna mechi ya hoki, na kwa mdomo wangu mwenyewe nimeahidi vitumbua.

Mada ya wiki hii ni mgawanyo wa Poisson, yaani hesabu ya mambo yanayotokea mara chache, ovyo ovyo, moja halimngoji jingine. Mfano wa darasani ni wa mwaka 1898. Bwana mmoja, Ladislaus Bortkiewicz, alikusanya takwimu za askari wa Prussia waliokufa kwa kupigwa mateke na farasi, kikosi kwa kikosi, mwaka kwa mwaka, akaonyesha kwamba hata mateke ya farasi yana mpangilio wake. Tumekaa nao hao farasi saa nzima. Jana Shirika la Afya Duniani limetangaza dharura kwa ajili ya kirusi kipya kilichoanzia Wuhan, na sisi ndio darasa la afya ya jamii. Tulilizungumza kama dakika tano, tukarudi kwa farasi.

Baridi imelegea. Wiki mbili zilizopita ilishuka chini ya nyuzi thelathini hasi, pua ikawa inaganda ndani kwa ndani kila ukivuta pumzi, na magari yakawa yanachomekwa kwenye umeme usiku kucha kama simu, injini isije ikagoma asubuhi. Leo mtu anaweza kutembea bila kukimbia. Nikashuka hadi 107 Avenue, mtaa wenye maduka ya Wasomali, Wavietnamu na Waethiopia yaliyobanana, nikanunua tui la kopo, iliki, hamira na mchele. Mchele uliokuwepo ni basmati tu. Nikajiambia mchele ni mchele. Naomba sentensi hiyo ikumbukwe.

Nyumbani nikaloweka mchele, nikafungua kompyuta, nikasoma swali la kwanza mara tatu, nikaenda kuangalia mchele. Mchele uliolowekwa hauna cha kuangaliwa, lakini niliuangalia. Mwenzangu wa chumba, dada wa Nakuru anayesomea uhasibu, akanikuta nimeinama juu ya bakuli. "Si ati una asaimenti?" Nikamwambia ndiyo hii naifanya.

Swali la kwanza limekwisha saa tano usiku. Mchele nimeusaga kwa blenda ya mwenzangu, nikatia tui, hamira na iliki, nikafunika na kuacha bakuli juu ya tundu linalotoa hewa ya moto sakafuni, maana ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii inayofanana na Tanga.

JUMAMOSI

Unga haukuumuka. Nimeamka saa mbili, jua nalo ndiyo kwanza linachungulia, nikafunua bakuli na kuukuta umelala vilevile nilivyouacha jana, juu umejaa vijipovu vya kunionea huruma. Nikaongeza hamira na sukari, nikaubembeleza saa mbili nyingine. Ukapanda kidogo, kwa shingo upande.

Chuma changu cha vitumbua kimetoka nyumbani. Mama alikifunga kwenye kanga mbili, akakitia katikati ya sanduku. Nilipoingia nchi hii, ofisa wa uwanja wa ndege alikitoa, akakigeuzageuza, akaniuliza ni cha nini. Nikasema cha mikate ya duara. Akahesabu matundu, saba, akanirudishia bila neno la pili. Mpaka leo sijui alifikiri nini.

Vimetoka ishirini na sita. Kitumbua chema kikitoka jikoni huwa na tumbo pande zote mbili, ukikibonyeza kinarudi. Hivi vyangu vilikuwa bapa kama vimekaliwa, kingo zimesimama wima, na ukikidondosha kimoja mezani kinagonga. Ladha nzuri, siwezi kukana. Umbo ndilo lilinisaliti. Nikavipanga kwenye bakuli la plastiki, nikafunika.

Swali la pili nililifanya mchana, juu juu, mikono inanuka mafuta.

Saa kumi na moja jioni tukatoka. Hatua ishirini kutoka mlangoni kuna mteremko ambao theluji laini imefunika barafu, na mimi badala ya kutazama chini nilikuwa namwonyesha mwenzangu mwezi. Miguu ikaenda mbele, mimi nikabaki nyuma. Bakuli liliruka, kifuniko kikaenda njia yake, na vitumbua vikatua kwenye theluji kimoja kimoja, vup, vup, vup. Kila kimoja kikachimba shimo lake la mviringo na kupotelea ndani. Nimekaa chini, nyonga inauma, mbele yangu kuna uwanja mweupe wenye matundu kama chuma chenyewe.

"Kitumbua kimeingia mchanga," akasema mwenzangu.

"Theluji," nikamsahihisha, bado nimekaa.

Akacheka hadi akashika nguzo. Kisha tukapiga magoti tukavichokoa kwa mikono yenye glavu. Tuliokoa ishirini na vitatu. Theluji ile ilikuwa mpya, safi kuliko meza nyingi nilizolia, tukavipangusa na kuvirudisha kwenye bakuli. Kituoni tulisubiri basi dakika ishirini. Tulipofika kwa Yaya vilikuwa vimekakamaa kama vijiwe.

Yaya ni mtu wa Bukavu. Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa, na ndivyo Wakongo wote wa mtaa huu wanavyomwita kwa heshima. Kwetu Tanzania, na kwao Kenya, yaya ni msichana wa kulea watoto. Mwenzangu alipotambulishwa kwake mara ya kwanza, jitu la futi sita lenye ndevu, aliuma mdomo hadi machozi yakamtoka. Yaya anaendesha lori kwenda Fort McMurray, zaidi ya kilomita mia nne kaskazini, kunakochimbwa yale mafuta yaliyonatana na mchanga. Mkewe tunamwita Mama Mapacha. Mapacha wenyewe wana miaka tisa, wote wanacheza hoki ya barafu kwenye timu ya watoto, na viatu, kofia na kinga zao za mwili zimejaa korido nzima. Nyumba ya Yaya unaingilia kwenye harufu ya jasho la watoto, kisha ndipo ya mawese.

Mezani palikuwa na bugali, sombe iliyopikwa kwa mawese, sambaza, dagaa wa kwao, wakavu, waliosafiri kutoka Ziwa Kivu ndani ya begi la mtu, na chapati ambazo mwenzangu alizisukuma asubuhi. Hapa kila tukikutana kuna kesi ile ile. Sombe ni kisamvu. Mimi nasema kisamvu bila nazi ni majani tu. Mama Mapacha anasema nazi ni ya kutia kwenye mikate ya watoto. Kesi haijawahi kuisha, na sitaki iishe, maana kila mara hunijazia sahani upya ili nihukumu vizuri.

Kisha nikafunua bakuli. Mmoja wa mapacha akachukua kitumbua, akakigonga mezani. Kikalia. Akamtazama mwenzake, wakaenda mbio chumbani, wakarudi na kile kidude chao cha mpira mweusi kinachochezewa hoki, wakakiweka kando ya kitumbua changu kwenye sahani.

Sikuwa nimewahi kukishika. Upana kinakaribia sentimita nane, unene mbili na nusu, uzito kama gramu mia na sabini, mpira mgumu mtupu, na kabla ya mechi hugandishwa ili kisidundedunde kwenye barafu. Ubavuni kina mikwaruzo ya kukikamata kwa fimbo. Vilivyokaa pale sahanini, kimoja cheusi na kimoja cha hudhurungi, vilikuwa ndugu: upana ule ule, unene ule ule, ubapa ule ule.

"Kitumbua!" Yaya akapiga kofi kwenye paja. Tangu hapo usiku kucha hakuna aliyekiita kwa jina jingine.

Mechi ilianza saa mbili usiku. Jumamosi hapa ni siku ya hoki kwenye runinga, desturi iliyoanza 1952, na usiku huu walikutana wenyewe kwa wenyewe, Edmonton Oilers na Calgary Flames, kule Calgary, kilomita kama mia tatu kusini. Kwa Mtanzania naweza kusema Simba na Yanga nikaeleweka, ila hawa wana miji miwili. Oilers ni watu wa mafuta: mafuta yalipatikana Leduc, jirani na hapa, Februari 1947, na mji ukapata riziki na jina la timu. Flames ni ndimi za moto, na moto wenyewe si wa hapa. Timu ilianzia Atlanta, mji uliochomwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikahamia Calgary mwaka 1980 na jina lake mkononi. Kwa hiyo mkoa mmoja una mafuta na una moto. Walitegemea nini?

Januari hii wamekutana mara mbili, mara zote Calgary imeshinda 4–3. Ile ya Jumatano iliamuliwa kwa mikwaju, na kipa wa Calgary, David Rittich, alipookoa wa mwisho alirusha fimbo yake hewani kama mtu anayetupa chepeo baada ya kumaliza kazi. Mji mzima umelala na fimbo hiyo kooni siku tatu.

Sasa niseme ukweli. Tangu nifike nimetazama mchezo huu mara tano au sita, na kila mara naumwa kichwa. Macho yangu yamelelewa na mpira wa miguu. Yanatafuta mpira. Huku kitumbua kinaweza kupigwa kikapita kilomita mia na sitini kwa saa, kwenye uwanja wa mita 61 kwa 26, na kamera haikioni vizuri kuliko mimi. Nageuza shingo kulia, watu tayari wanashangilia kushoto.

Yaya akaniona ninavyohangaika. "Dada, usifwate kale kantu kadogo," akasema kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Fwata bantu."

Nikajaribu. Nikaacha kitumbua, nikatazama mabega ya watu. Dakika tano hivi sikuona kitu, kisha ghafla nikaona. Wanapoinama wote upande mmoja, kiko huko. Beki akianza kurudi kinyumenyume kabla hajafukuzwa, kinakuja. Yule McDavid, nyota wa Edmonton, akiongeza mwendo bila kuwa na kitu, mtu wa pili ameshajua kitatua wapi. Mapacha wakamalizia somo: watano na kipa kila upande, vipindi vitatu vya dakika ishirini, na hakuna anayekaa barafuni hata dakika nzima kabla hajapumzishwa. Wanapokezana mchezo ukiendelea, wanaruka ule ukuta mfupi kama wezi wa maembe wenye shamba katokea. Anayekosea anafungiwa kibandani dakika mbili, timu yake inabaki pungufu, naye anatazama kwa kioo akiwa amenuna kama mtoto aliyevunja mtungi.

Kipindi cha mapumziko mwenzangu akaanza majigambo. Kwao Kenya, jijini Nairobi, kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli, Barabara ya Mombasa, tangu 2005, na kuna timu, Ice Lions. Mwaka 2018 waliletwa huku Canada wakavalishwa jezi mpya, na manyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaja kucheza nao. Nilijua, nimeona ile video, na nililia kidogo, lakini si la kumwambia Mkenya. Nikamjibu kwa magongo ya nyasini: Tanzania tulicheza Olimpiki ya Moscow 1980.

"Mkawa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Kati ya timu ngapi?"

Nikaomba sombe nyingine. Zilikuwa sita. Uhindi ilitufunga 18–0. Naye akamalizia kwa Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, Kenya ikashika nafasi ya nne, na hilo nalo ni kweli, hakuna pa kutokea.

Yaya alikuwa anabadilisha chaneli akatua kwenye mechi ile ile kwa Kipunjabi. Tangu 2008 matangazo ya Jumamosi yana watangazaji wake wa Kipunjabi, na hata usipojua neno moja, unajua bao limekaribia. Sauti inapanda kama maji kwenye birika. Tukasikiliza kwa wivu. Wapunjabi wana yao, sisi je? Yaya akazima sauti, akampa mwenzangu kijiko cha sombe kama kipaza sauti. Tukaanza kupokezana.

"Kitumbua kiko kona ya kulia, kinagombaniwa, kinagombaniwa… kimetolewa! McDavid huyo, anakikokota kitumbua, anawaacha, ametia mafuta, ametia mafuta jamani…"

"…anakandamizwa ukutani kama chapati! Mwamuzi anasema endeleeni, mwamuzi leo hana haraka, amekula kwao…"

Mama Mapacha alikuwa anafuta machozi kwa kitenge. Ndipo kipindi cha pili ugomvi ukalipuka mbele ya lango la Edmonton. Watu wamekamatana mashati wawili wawili, waamuzi wanavuta huku na huku, na kamera ikahamia katikati ya uwanja. Makipa wawili, na ile mizigo yao yote miguuni, wanaendeana. Mike Smith wa Edmonton, Cam Talbot wa Calgary. Wakavua kofia. Wakapigana.

Nimeachia kijiko. Yaya amesimama. Mapacha wamepanda kwenye kochi. Kipa kumfuata kipa si jambo la kila mwaka, na la kuongeza chumvi ni kwamba hawa wamebadilishana majumba: msimu uliopita Smith alikuwa akidaka kwa Calgary, na Talbot alikuwa wa Edmonton hadi Februari mwaka jana. Hebu fikiria kipa wa Yanga ahamie Simba, wa Simba aishie Yanga, kisha waonane Taifa, watoke magolini mwao, watembee mpaka duara la kati, wavue glavu. Nchi ingesimama. Hapa waliachiwa wakachoka, waamuzi wakaingia, wote wawili wakatolewa mchezoni, na watangazaji wa runinga nadhani walikuwa wanacheka. Hatukuwasikia. Sauti ilikuwa yetu, na kwa mara ya kwanza usiku ule sote tulikuwa kimya.

"Kitumbua," akasema mwenzangu baadaye kwa sauti ndogo ya redio, "kimeingia mchanga."

Edmonton ilishinda 8–3. Jumatano ililipwa, riba juu.

Kabla ya hapo, mapumziko ya pili, mapacha walipotea. Tukawakuta nje nyuma ya nyumba, chini ya taa, na fimbo zao na kitumbua changu kimoja kilichoganda. Mmoja amesimama kati ya mapipa mawili ya taka, mwingine anakuja. Pigo la kwanza kikateleza vizuri, hata mimi nilishangaa. La pili kikagonga pipa na kurudi kizima. La tatu kikapasuka, na ndani, katikati ya ule ugumu wote, bado kulikuwa na weupe laini wa mchele. Kipa akaokota kipande akakila. "Tantine," akaniambia, yaani shangazi kwa Kifaransa, "kiko bon." Kizuri.

Yaya aliturudisha kwa gari saa sita usiku. Njiani pembe zilikuwa zinapigwa mji mzima. Swali la tatu sijaligusa.

JUMAPILI

Leo tarehe inasomeka sawa mbele na nyuma, 02022020. Mwenzangu ameiona kabla hajatoka kitandani. Mimi nimeona saa: tano na nusu.

Nyonga imevimba. Nimekaa upande mmoja kama mtu wa kwenye baiskeli ya kubebwa, nikafungua swali la tatu. Linasema wagonjwa wa dharura wanaingia hospitalini kwa wastani fulani kwa saa, tafuta uwezekano wa kuingia zaidi ya idadi fulani. Nikaliangalia mpaka kahawa ikapoa. Halikuingia. Wagonjwa wale hawakuwa na nyuso.

Nikafanya ninachofanya nikikwama, nikaacha swali nikachezea lingine. Msimu huu timu moja kwenye ligi ile inafunga kwa wastani mabao kama matatu kwa mechi. Mabao ni machache, yanatokea ovyo, tuseme moja halimngoji jingine. Basi ni mateke ya farasi yale yale. Nikaandika mstari mmoja kwenye R, programu yetu ya takwimu: wastani 3, nipe uwezekano wa nane au zaidi. Ikajibu 0.0119. Nikagawanya moja kwa hiyo. Themanini na nne.

Mechi moja kati ya themanini na nne. Na msimu wa timu una mechi 82.

Nikaita mwenzangu aje aone. Akaja na mswaki mdomoni, nikamweleza kwamba kwa hesabu za Poisson, Mfaransa aliyekufa zamani, usiku kama wa jana timu ya kawaida inaupata takriban mara moja kwa msimu, na sisi tulikuwepo, tena tulitangaza. Akatafakari. "Na makipa kupigana?" Nikasema hilo halimo kwenye data. Akarudi bafuni.

Nikarudi kwa wagonjwa, likaisha kwa nusu saa. Ilikuwa hesabu ile ile, ila sasa nilikuwa naona mabega. Sehemu ya mwisho inauliza kama ni haki kudhani kila tukio linajitegemea. Nikaandika aya nzima: ajali moja ya basi inaleta wagonjwa kumi kwa pamoja, na homa inaambukiza, kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kumleta mwenzake. Nikaongeza, kisha nikafuta, kwamba ngumi nazo ni hivyo hivyo.

Kuanzia saa kumi na nusu jirani wa juu wanatazama fainali ya kandanda ya Marekani, Kansas City na San Francisco. Dari inatikisika. Sijui sheria hata moja, na sina nafasi kichwani kwa mchezo mwingine mwaka huu.

Saa moja jioni simu ikaita. Mama. Huko Tanga ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, yuko jikoni. Kabla hajasema neno nilisikia mafuta yakilia, ile chii ndefu ya unga unapotua kwenye tundu, kisha chuma cha kugeuzia kikigusa ukingo. Ameweka simu kwenye debe la unga, najua, maana sauti yake inakuja na mwangwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote. Kuanguka, mapacha, Yaya, makipa. Nikamwambia nilikuwa natazama magongo, akanyamaza ghafla, nikakumbuka gongo ya kwetu ni ya kunywa, nikamfafanulia haraka. Akashusha pumzi.

"Na walifungana ngapi?"

"Nane kwa tatu."

"Kwa hicho kitumbua cha mpira."

"Ndiyo mama."

"Wakubwa na akili zao." Akageuza kimoja, nikasikia. "Na vyako, unasema viligoma kuumuka?"

"Viligoma. Nilitia hamira mara mbili."

"Uliloweka mchele gani?"

Nikatazama dirisha. Nje theluji ilikuwa imeanza tena, na pale mteremkoni matundu yangu yalikuwa yanazibwa moja moja. Vitumbua vitatu viko humo bado.

"Basmati."

Mafuta yakalia peke yake muda mrefu.

"Haya, soma mwanangu," akasema Mama. "Wateja wameanza kuja."

Swali la nne nimelimaliza saa sita kasoro dakika tisa, nikatuma saa sita kasoro saba. Sehemu ya tatu niliiacha wazi.